Mtu Asiye na Baba Mosocho

Alhamisi, 6 Septemba 1973

Profesa amefika leo kutoka Nairobi. Tumekaa kwenye chumba cha mikutano cha hospitali, sisi wasaidizi wa daktari kutoka pande zote za mkoa, makoti meupe yamepigwa pasi kama tunakwenda kuposa. Habari ni ile ile aliyotuachia mwezi wa nne: kuna wafadhili wa ng'ambo watakaolipia mafunzo ya utafiti. Miaka miwili, karo, posho, nyumba. Ugonjwa wenyewe ni ulevi. Si kuutibu tu — kuuchunguza, kujua mtu anaingiaje na anatokaje. Profesa anasema malaria tunaijua hadi jina la mama yake, lakini mlevi akija tunamfukuza wodini. Kweli tupu. Sista Bathsheba, mkubwa wa wodi yetu, aliangalia viatu vyake. Yeye ndiye hodari wa kufukuza.

Nafasi ni moja. Tangu Aprili kila mmoja wetu anamfuata mnywaji mmoja, na leo ilikuwa siku ya kueleza. Wenzangu walipata shida. Mgonjwa wa Nyasani, mwenzangu wa hospitali hii na Mkisii, ana ini gumu kama jiwe la kusagia, lakini anasema huonja kikombe kimoja Krismasi. Mwingine hanywi kabisa, huwashikia wenzake tu mrija wa pombe! Tulicheka, Profesa hakucheka.

Zamu yangu nikaeleza habari za Mzee Onchiri wa Mosocho. Chang'aa anakunywa saa ngapi, mikono inaanza kutetemeka saa ngapi, aliuza nini, alimpiga nani, analia lini. Profesa akauliza, kwa nini mzee huyu anakuambia wewe haya yote? Nikasema sijui. Nyasani akajibu kwa niaba yangu: kwa sababu Dahir si mtoto wa mtu hapa.

Halafu akamfafanulia Profesa ile desturi ya Wakisii, chinsoni. Baba na mwana wana haya kati yao. Baba haonekani uchi na mwanawe, haonekani amelewa akajitapikia, mambo ya aibu hayatajwi. Na si baba mzazi tu, kila mtu wa rika la baba ni baba. Kwa hiyo Nyasani akimuuliza mzee yeyote wa Kisii, anajibiwa kama mtoto. Lakini Msomali wa mjini — nani amwonee haya?

Wote walicheka. Na mimi pia nilicheka, tena kwa sauti. Nimerudi chumbani nikakaa kitandani na koti langu.

Jumatatu, 10 Septemba

Wodi imejaa. Nimekula mkate na chai. Sina la kuandika.

Nimezaliwa mji huu. Mama yangu Asli amezikwa mji huu. Baba alirudi kaskazini nikiwa sijabalehe, akaoa huko, basi. Kikisii nakisema kuliko baadhi ya Wakisii wa Nairobi. Hata hivyo miaka ya vita vya Shifta, wale waasi wa Kisomali wa kaskazini, waliokuwa wakicheza mpira nami waliniita Shifta, na sasa wakikutana nami wananiita Daktari. Nikiangalia vizuri, sijaona tofauti kubwa sana.

Alhamisi, 13 Septemba

Baiskeli hadi Mosocho baada ya kazi. Onchiri alikuwa kwenye kahawa yake, anachuma, kikapu kiunoni. Nami nikachuma. Hivi ndivyo tunavyofanya kazi sisi wawili: macho kwenye mti, mdomo unasema. Ukimkabili uso kwa uso hasemi.

Leo amesema lile lililo chini kabisa. Nilijua alifiwa na mwanawe Okemwa, miaka sita sasa. Sikujua vipi. Kijana alijikata mguu na jembe. Taya zikaanza kukaza. Mama yake, Nyanchera, alikuwa amekwenda kwa dada yake huko Nyacheki kuchuma chai, na Onchiri alikuwa amelewa. "Siku ya kwanza nilikuwa nimelewa. Siku ya pili nikanywa kwa sababu nilimuona anakauka. Siku ya tatu nikambeba hadi hospitali. Ilikuwa bure." Pepopunda. Akaendelea kuchuma. Akasema hata Nyanchera hajui hesabu ya siku hizo, na padre hajui. "Wewe nakwambia. Huna baba hapa, huna mtoto hapa. Nikikwambia ni kama nimeiambia njia."

Njia! Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nimemwambia yuko tayari sasa, nitamlaza, tupunguze taratibu kwa dawa. Nimemwonya sana: asikate pombe ghafla peke yake, mwili uliozoea hivyo unaweza kumgeuka hadi kuua. Amesema amesikia.

Ijumaa, 28 Septemba

Siku ya kwanza ya Ramadhani. Nimefuturu peke yangu, tende na uji. Mzee Abdi wa duka la vitambaa amenialika kesho, ila huko kuna swali moja tu: utaoa lini? Nitasema nina zamu.

Onchiri yuko wodini kwetu wiki yote. Kutetemeka kumepungua. Sista Bathsheba alinuna siku mbili, siku ya tatu nikamkuta anamnyoa ndevu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Onchiri yuko kwake na hanywi. Anakula. Amerudishia bati jikoni, badala ya yale aliyowahi kung'oa moja moja akauza, Nyanchera akawa anapika huku mvua inamnyea. Ananiambia kila kitu: kiu inampata saa kumi jioni, wakati ule wenzake wanapita njiani kwenda kwa muuzaji. Ikimpata anakwenda kumshika ng'ombe shingo. Ndoto za Okemwa bado. Juzi alisimama mlangoni kwa muuzaji, akarudi. Nimeandika yote.

Profesa amepiga simu hospitali. Nafasi ni yangu! Ila atakuja mwenyewe Jumanne ya tarehe 20 Novemba kumwona mzee na kusikia habari hadi mwisho, ndipo wafadhili watoe. Nilitaka kumwambia mtu. Nikamwambia mlinzi wa geti, akasema ni vizuri.

Jumapili, 28 Oktoba

Idi.

Nimeswali, nimesalimiana na watu, na baada ya hapo kila mtu akaenda kwake. Nilisimama nje ya msikiti na kanzu mpya mpaka nikaona haya. Nikapanda baiskeli.

Sikuwa nimewaambia kwamba nitakuja. Ila Nyanchera alijua ni Idi, alimuuliza muuza nguo sokoni. Alikuwa amenunua chungu kipya ambacho hakijaguswa na kitu, na mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mgomba, ananisubiri nichinje mwenyewe ili nile kwa moyo safi. Mwanamke wa Kikatoliki, rozari shingoni! Nilichinja huku machozi yananitoka, nikasingizia moshi, na moto wenyewe haujawashwa.

Tulikula. Jirani wakaja. Na sijui nini kilinishika. Nikamwambia Onchiri mbele ya watu wote: Mzee, naomba nikuite Tata. Ndivyo Wakisii wanavyomwita baba. Nilipomaliza tu, nikajuta. Kisha akasimama, akaweka mkono kichwani pangu na kusema, niite. Nyanchera akasema "omwana one", mwanangu, akarudia, na akaingia ndani kulia.

Nimeendesha baiskeli kurudi mjini nikiimba. Nina miaka ishirini na saba, na leo nina baba. Nimefurahi hadi naona aibu kuandika.

Jumatatu, 29 Oktoba

Nimemsimulia Nyasani. Nilidhani atanipongeza. Ameweka kikombe chini na kuniuliza, umefanya nini wewe? Sasa mzee ataongea nini nawe? Nikamwambia mimi si Mkisii, chinsoni hainihusu. Akasema umeomba uingie nyumbani, huwezi kuchagua mlango tu ukaacha kuta.

Wivu. Nafasi aliitaka yeye.

Alhamisi, 1 Novemba

Mosocho. Hatukuchuma kahawa. Onchiri alikuwa amevaa koti, ameketi kwenye kiti barazani, na kiti kingine kimewekwa kwa ajili yangu, mbali kidogo. Uso kwa uso.

Nikauliza ile kiu ya saa kumi. Akajibu, mambo ni mazuri, mwanangu. Usingizi? Nalala. Ndoto za Okemwa? Akainuka kwenda kumwangalia ng'ombe, na ng'ombe hana lolote. Aliporudi aliniuliza habari za kazi, kama mshahara unatosha, kama nimepata mchumba. Akanisindikiza hadi barabarani. Kila mtu tuliyekutana naye alimwambia, huyu ni mtoto wangu daktari.

Nilitembea nikiwa nimejaa furaha. Sijaandika kitu cha kumpa Profesa, lakini nilijaa.

Alhamisi, 8 Novemba

Tena koti, tena viti. Mambo ni mazuri, mwanangu.

Alikuwa anatafuna majani ya mpera. Nikauliza, jino linauma? Akasema ndiyo, jino. Mikono ameiweka mapajani, amefunga vidole. Nyanchera alileta chai na hakukaa.

Nimewaona wanywaji wengi wanaotafuna majani ili kufunika harufu. Mgonjwa mwingine yeyote ningemwambia, nyoosha mikono, mzee, nione. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini baba yako unamwambiaje anyooshe mikono? Nikanywa chai. Nikasifu chai.

Labda ni jino.

Alhamisi, 15 Novemba

Nilimwambia Tata kwamba Profesa anakuja Jumanne. Niliuliza hivi tu, nikiangalia kando: Tata, umeacha? Akasema, "Nimeacha. Mwambie huyo mkubwa wako baba yako ameacha. Sitaki mtoto wangu aaibike mbele ya watu."

Basi. Neno la mzazi. Nimeliandika kama lilivyo.

Jumamosi, 17 Novemba

Habari za mzee nimemaliza kuziandika, kurasa zote safi. Nimenunua sanduku la bati la safari. Usiku sipati usingizi kwa furaha — au kwa kitu kingine, sijui. Sista Bathsheba amenipa soksi. Hata yeye!

Jumatatu, 19 Novemba

Naandika nikiwa Mosocho, nje ya nyumba, kalamu ya hospitali. Gari la wagonjwa limekwenda kumchukua mama mjamzito Nyamira, wameahidi litakuja hapa jioni. Kwa sasa hakuna la kufanya isipokuwa kukaa, na nikikaa bila kuandika nitapiga kelele.

Asubuhi nilipofika wodini nilimkuta Nyanchera mlangoni. Alikuja kwa miguu. Hakunisalimu. Akasema, mzee anaona wadudu ukutani, anawakata kwa panga, amenisukuma nje na kufunga mlango kwa komeo. Nikamuuliza, amekunywa nini? Akasema: hajakunywa. Tangu Alhamisi ulipoondoka hajagusa.

Hapo nikaelewa. Nikamuuliza, kabla ya Alhamisi? Akasema, kila siku, tangu siku ya kuwaombea marehemu, tarehe mbili, alipotoka kaburini kwa Okemwa. Mbona hukuniambia, Mama? Akasema, ningekuambiaje, wewe ni mwanawe.

Alikuwa anakunywa siku zote zile za majani ya mpera. Akanidanganya, kisha uwongo wake ukamuuma, akakata pombe mara moja, peke yake, ili neno lake kwa mtoto wake liwe kweli kabla Profesa hajafika. Kile hasa nilichomkanya. Nilichukua sindano, dawa ya kutuliza, vitamini, na Nyasani akanipakia kwenye pikipiki yake bila kusema neno. Nilitamani aniseme.

Nje ya nyumba watu walikuwa wamesimama mbali. Wote ni vijana wa ukoo, wote ni watoto wake kwa desturi, hakuna wa kuingia. Ndugu yake Ombui, ambaye angeweza, yuko mnadani Nyamarambe. Panga lilikuwa likigonga ukuta ndani. Nikabisha. Tata, ni mimi. Panga likanyamaza.

Sauti yake ilitoka hivi, imekatika: "Mwanangu asiingie. Nimejichafua. Niko uchi. Mwanangu akiniona hivi nitajikata shingo."

Nikasema yote niliyofundishwa kusema. Nikasema ni ugonjwa tu. Nikasema nimeona wagonjwa wengi hivyo. Kila nilipotaja Tata alizidi kulia na kugonga, na nilimsikia akianguka, akijigonga kichwa, akipumua vibaya. Tungevunja mlango angefanya alichosema. Nyasani akanishika bega na kuniambia kwa sauti ya chini, nami siwezi, Dahir, mimi pia ni mtoto. Unajua ni nani anayeweza.

Nilijua. Nilijua tangu asubuhi wodini.

Nikaweka mdomo kwenye mbao za mlango, nikasema kwa Kikisii, na watu wote wakasikia: Mzee Onchiri, mimi si mwana wako. Akasema, sema tena. Nikasema tena. Akauliza, wewe ni nani basi? Nikasema, mimi ni Dahir. Msomali wa mjini. Wewe si baba yangu, mimi sina mtu hapa.

Nyuma yangu Nyanchera alitoa sauti ndogo, na sikugeuka. Komeo likavutwa.

Sitaandika nilichokiona ndani. Nilimchoma sindano, nikampokonya panga, nikamshika hadi alipolegea. Nikachemsha maji, nikamwosha mwili mzima, nikambadilisha nguo. Alinitazama muda wote bila haya hata kidogo. Alilala kidogo. Mapigo ya moyo bado ni ya mbio, joto liko juu, sipendi jinsi anavyotweta. Anaweza kupona. Anaweza asipone usiku huu.

Alipoamka alianza kuongea. Hajaacha. Amenieleza siku ya marehemu, kaburi, njia aliyopita kwenda kwa muuzaji, chupa alizoficha kwenye mahindi ghalani, nani aliyemnunulia, jinsi alivyotafuna majani ya mpera na kuomba Mungu nisimsogelee. Kila kitu, kwa mpangilio, kama wakati ule tukichuma kahawa. Ndicho Profesa anachokitaka, chote, hata zaidi. Kesho atakuwa hapa. Kurasa zangu safi nitazichana, nitamwambia nilivyozipata habari hizi za leo, halafu akitaka kumpa Nyasani nafasi ampe. Akitaka kunipa mimi, sijui nitasema nini. Nitakuwa nimefuzu kwa kuwa sina mtu.

Katika maneno yote hayo ya Onchiri, mchana wote, hajanitaja kwa jina lolote. Nilisubiri. Nilikaa karibu na kitanda nikisubiri kama mjinga hadi nikashindwa, ndipo nimetoka huku nje.

Nyanchera amewasha moto. Ametoka sasa hivi, amesimama upande ule wa uwanja, hakusogea. Ameuliza kama daktari atakula hapa au atakwenda kula mjini.

Nimesikia alivyouliza: daktari, si mwanangu. Anasubiri nimjibu, na ndani mzee anaita mtu amletee maji.